Maziwa kwenye Sufuria ya Nyama

Tik, tik, tik. Kiza cha alfajiri kilikuwa bado kizito, na mle chumbani hapakuwa na sauti ila hiyo ya jiko la gesi likitema cheche zisizowasha kitu. Mwanamwema alizungusha kitufe, akangoja, akazungusha tena. Tik, tik, tik. Nyuma yake, kwenye kitanda kilichobanwa baina ya kabati na dirisha, Sundus alikohoa kikohozi cha kifuani, kile ambacho mama akikisikia huona kama ni kifua chake mwenyewe kinachopasuka.

"Mama, nataka maziwa," mtoto alisema kwa Kiingereza. "Ya moto."

"Haya, mama'ngu. Subiri kidogo."

Tangu juzi Sundus hajatia kitu tumboni. Alikuwa na miaka sita, na homa ilikuwa imemwachia macho tu. Leo kaomba mwenyewe kwa mdomo wake, na jiko halitaki. Lilikuwa bovu tangu majani ya miti hayajaanguka, siku linawaka, siku linagoma. Kila Mwanamwema akimkumbusha Mister Posner, mwenyekiti wa kamati ya sinagogi, yule bwana humjibu kwa upole uleule, "Tunalishughulikia, mpenzi," kisha hutazama saa yake.

Fleti ilikuwa juu ya ukumbi wa sinagogi, mwendo mdogo kutoka stesheni ya Rayners Lane, Landani. Haikuwa yao. Ilikuja pamoja na kazi: Mwanamwema hufungua milango, husafisha, hupanga viti, hupokea mizigo, na kwa hayo hupata mshahara mdogo na vyumba viwili vyenye dari la mteremko. Kazi ikiondoka, vyumba navyo vinaondoka. Munir, mumewe, alikuwa bado kwenye shifti ya usiku, ghala la mizigo huko Hayes.

Alichukua chupa ya maziwa na punje mbili za iliki, akashuka ngazi na gauni la kulalia, kanga kiunoni, kichwa wazi. Saa hizo ukumbini kuna nani?

Jiko la ukumbi lilikuwa kubwa, chuma kitupu, limegawanywa katikati kama nyumba ya wake wenza wasiosemeshana. Upande mwekundu wa nyama, upande wa buluu wa maziwa. Visu, vijiko, mabeseni, hata vitambaa vya kufutia vilikuwa na rangi zake. Hilo Mwanamwema alilijua tangu siku ya kwanza: Wayahudi hawali nyama na maziwa pamoja, wala havipikwi chombo kimoja. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la buluu. Limefungwa. Akatazama msumari wa kuning'inizia ufunguo. Mtupu.

Juu, Sundus alikohoa tena. Sauti ilipenya darini.

Upande wa pili, juu ya meza, iliachwa sufuria ya wastani yenye vishikio vyekundu. Mwanamwema aliitazama, akageuza uso, akaitazama tena. Kisha akasema bismillahi, akaiweka motoni.

Maziwa yalipopanda aliyamimina kwenye kikombe chake mwenyewe, halafu akaiosha sufuria ile kama bibi yake alivyomfunza kuosha chombo kilichoingia najisi: kwa sabuni kwanza, kisha maji ya kutiririka, yakafuatwa na mengine, na mengine tena, hadi kidole kikipita chuma kinalia. Akaifuta kwa kitambaa chekundu na kuirudisha palepale. Kwake yeye, kitu kikitoharishwa kimetoharika, hakuna mjadala. Alipanda ngazi moyo mweupe. Sundus alimaliza kikombe, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu juzi.

Kufika mchana jiko lile lilikuwa limejaa mvuke na wanawake. Jioni ya siku hiyo, Ijumaa, kulikuwa na karamu ya Sabato kwa ajili ya familia changa. Sinagogi lilikuwa linazeeka. Kila mwaka linazika wengi kuliko linaowaoza, na Mister Posner alikuwa amealika watu zaidi ya mia, kutoka Pinner mpaka Watford, ili waone kwamba hapa pana uhai. Kila kitu kilitakiwa kiwe tayari kabla ya saa kumi, kwani majira haya ya baridi jua la Landani huzama mapema kama mtu anayetoroka kazini, na jua likizama Sabato imeingia; hapana kupika tena.

Bi Estelle, bibi wa miaka sabini na kitu mwenye mikono kama ya mpiga makasia, ndiye aliyekuwa amiri jeshi wa jiko. Mwanamwema alikuwa akipiga deki mlangoni alipomsikia akimfokea msichana mmoja mgeni.

"Wewe! Hicho kijiko umekitoa wapi?"

"Kwenye droo, Bi Estelle."

"Droo gani? Hiyo ni ya buluu! Unataka kukitia kwenye supu ya moto?"

"Lakini ni kisafi. Nitakiosha tena."

"Utakiosha!" Bi Estelle alicheka, akawageukia wenzake. "Jamani, mtoto atakiosha. Sikiliza, binti. Ukikiosha umeondoa uchafu. Ladha hujaiondoa. Chuma kikipata moto kinakunywa, kinaweka ndani, na siku ya pili kikipata moto kinatapika. Hata ukikisugua mpaka Jumatano."

Wanawake walicheka. Mwanamwema alisimama na fimbo ya deki mkononi. Macho yake yalikwenda kwenye jiko, upande mwekundu. Ile sufuria ya wastani ilikuwa tupu, imechafuka, mchuzi mzito umegandia ukingoni.

"Bi Estelle," aliuliza, "hiyo mmepikia nini?"

"Mchuzi wa vitunguu, mpenzi, na mafuta ya kuku. Siri ya mama yangu." Bi Estelle alionyesha trei zilizopangwa mpaka dirishani, kuku wekundu wakimeremeta. "Nimeshawamwagia wote. Harufu yake umeisikia?"

Aliisikia. Akaegemea mlango.

Aliaga kwamba anakwenda kununua dawa ya kikohozi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Duka la Hansa lilikuwa karibu na stesheni, limejaa kila kitu, kuanzia mihogo hadi chaja za simu. Hansa alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwahi kupanda ndege. Kilikuwa kilekile alichokuja nacho akiwa msichana.

"Mwana! Mbona uso hivyo? Mtoto ameharibika?"

"Mtoto afadhali. Mimi ndiye nimeharibu."

Akamweleza, akinong'ona kati ya magunia ya mchele. Hansa alisikiliza huku akipiga bei za mteja, kisha akamvuta pembeni.

"Nani ameona?"

"Hapana mtu."

"Basi haikufanyika. Weh, sikia mimi. Wazee wanakula, wanaimba, wanaenda nyumbani, hakuna mtu anakufa. Wewe ukisema, kesho unalala wapi? Kwa nyumba za kaunsili? Watakupeleka mji hata basi haiendi." Akamtumbukizia dawa kwenye mfuko. "Ulifanya kwa ajili ya mtoto. Mungu si polisi wa jikoni."

Mwanamwema alicheka bila kutaka. Njiani kurudi, kicheko kile kilikuwa kimeshageuka kitu kingine.

Munir alikuwa ameamka, anajitayarisha kwenda kuswali Ijumaa. Alimsikiliza mkewe akiwa na soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Usiseme," alisema mara moja. "Mwana, nakuomba. Usiseme."

"Baba Sundus, watu zaidi ya mia."

"Hao watu zaidi ya mia, nani kakutengenezea jiko? Umesema mara ngapi? Huyo Posner anapanda ngazi hizi siku gani, isipokuwa anataka viti?" Alivaa soksi kwa hasira, ikaingia upande. "Wao ndio waliokupeleka kule chini. Tena sisi tukitoka hapa, wallahi, hatuna pa kwenda. Umeona kodi za watu? Chumba kimoja na choo cha kushirikiana kinameza mshahara wangu wote."

Mwanamwema alifungua chupa ya dawa. Alimtia Sundus dawa mdomoni, akamfuta kidevu.

"Ile siku ya pai," alisema hatimaye.

Munir aliinua uso.

"Ile siku walipokupa pai kule kazini, wakakwambia ya kuku, ukala, halafu wakaanza kulia kama nguruwe mbele yako. Ulirudi hapa ukajifungia msalani. Ukaniambia, si nyama iliyokuuma. Kilichokuuma ni kwamba wao walikuwa wanajua na wewe hujui."

"Wale walikusudia."

"Mpaka sasa mimi sikukusudia. Nikikaa kimya mpaka wakala, n'takuwa nimekusudia."

Munir alivua ile soksi, akaivaa upya, sawasawa.

"Nenda kwa rabi," akasema. "Usiende kwa Posner. Nenda kwa rabi mwenyewe."

Zamani, alipoanza kazi, Mwanamwema alidhani rabi ni kama imamu wa mtaani kwao: anasalisha, anafungisha ndoa, basi. Kumbe kusalisha ndiko kudogo. Rabi Lasker alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, tai yake haikukosa doa, na simu yake haikukosa mtu. Yeye ndiye aliyekwenda hospitali kumshika mkono anayekufa, na kumfundisha mvulana asiyetaka kusoma. Wana wakigombania nyumba ya marehemu, hukaa katikati yao. Shule ikimtaka aeleze Uyahudi kwa watoto wa dini zote, huenda, akarudi na michoro yao akaibandika mlangoni. Na alikuwa msimamizi wa jiko.

Alimkuta ofisini, koti mwilini, ndiyo kwanza anarudi kutoka hospitali.

"Hapana, Bwana Harry, huwezi kulala na koti," alikuwa akisema kwenye simu. "Fundi wa boila anakuja saa nane kurudisha joto. Asipokuja, unakuja kulala kwangu. Ndiyo, na paka." Akakata. "Mwanamwema. Mtoto vipi?"

"Rabi, nna neno."

Aliyasema yote kwa mkupuo, asije akarudi nyuma. Rabi hakupiga kelele. Alikaa kitini taratibu, akaanza kuuliza kama daktari.

"Maziwa yalichemka, au yalipata joto tu?"

"Yalichemka. Yalipanda mpaka juu."

"Hiyo sufuria ilipikiwa nyama lini?"

"Jana jioni, ile supu ya Bi Estelle ya kuonja."

"Na leo, huo mchuzi umeshamwagwa?"

"Kuku wote, Rabi."

Alifumba macho. Kisha alimpigia simu mwalimu wake, mzee mmoja wa Golders Green, wakazungumza kwa maneno nusu Kiingereza nusu Kiebrania. Mwanamwema alielewa toni tu: rabi aliuliza, akabishana, akauliza kwa njia nyingine, akashukuru. Aliweka simu chini kama kitu kizito.

"Watu hudhani kazi yangu ni kukataza," alisema. "Kukataza ni rahisi, hata kasuku anaweza. Kazi yangu ni kutafuta mlango. Nimetafuta. Leo mlango hakuna." Akamtazama. "Kwa nini hukuchukua sufuria ya buluu?"

"Kabati lilifungwa. Ufunguo haukuwepo."

Rabi Lasker aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa funguo za gari, leso, kitabu kidogo cha sala, na ufunguo mmoja wenye utepe wa buluu. Alisema neno moja ambalo Mwanamwema hakujua kwamba marabi wanalijua.

"Nimetembea nao tangu jana," akasema. "Umekwenda nao hospitali na kurudi." Aliuweka mezani. "Ungeweza kunyamaza. Kwa nini umeniambia?"

Mwanamwema alitafuta maneno makubwa, hakuyapata. "Kwa sababu na mimi sili kila kitu."

Rabi alitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu refu.

"Nitatolewa, Rabi?"

"Sijui. Sitakudanganya. Mimi pia nimeajiriwa na kamati. Mkataba wangu unakwisha Aprili, na kalamu anayo Mister Posner." Alisimama. "Lakini kwanza tuna watu wa kulisha."

Jikoni, habari iliangukia juu ya wanawake kama sinia la vyombo. Bi Estelle alikaa juu ya kreti ya viazi, akafunika uso kwa aproni. Mister Posner aliitwa, akaja na suti yake nzuri, akiwa tayari mwekundu.

"Wageni wanafika jua likizama! Nani kafanya hivi?"

"Jiko hili liko chini ya uangalizi wangu," alisema Rabi.

"Sikukuuliza hilo. Nani?"

"Nami nakujibu. Niliondoka na ufunguo wa kabati la maziwa. Anza na mimi."

"Basi tafuta njia! Ndiyo tunayokulipa!"

"Mnanilipa nitafute njia, Leonard. Hamnilipi niseme nimeipata wakati sikuipata."

Mwanamwema alifungua mdomo. Rabi alimtazama mara moja tu, si kwa kumnyamazisha. Ilikuwa kama kumwambia, si sasa, sasa kuna kazi. Akavua koti. Kuku wangekwenda kwenye nyumba ya wasio na makazi, maana wasio Wayahudi wanaruhusiwa kuwala. Kisha akatoka mbio, mtu mzima na tai yake begani, akarudi na Hansa nyuma yake amebeba maboksi ya matango na nyanya.

"Mwana," Hansa alimnong'oneza akipita, "umesema, siyo?"

"Nimesema."

"Mpumbavu wewe," alisema Hansa, akavua bangili, akachukua kisu kipya kutoka dukani kwake na kuanza kukata matango.

Wageni walikula mikate, samaki wa siki, mayai na saladi. Rabi alisimama mbele yao, mishumaa imewashwa. "Leo chakula ni baridi," alisema. "Kuku alikuwepo, mimi nimemzuia. Mwenye malalamiko angoje, Sabato imeingia na siruhusiwi kuyaandika." Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Bwana mmoja alisema, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba hakutoka Watford kuja kula yai. Mwanamwema alipita kati ya meza akiondoa sahani, na kila sahani iliyorudi na chakula aliiona kama imeandikwa jina lake. Lakini baadaye waliimba, wakagonga meza, na mtoto wa mtu akalala juu ya makoti.

Jumamosi usiku, Sabato ilipotoka, Mister Posner alifungua picha za kamera ya ulinzi ya jikoni.

Jumapili asubuhi alikuja mlangoni na simu mkononi, hakubisha hodi vizuri. "Ni wewe huyu," alisema, akamgeuzia kioo. Mwanamwema alijiona kwa juu, akiwa mdogo, amesimama mbele ya moto na gauni la kulalia, nywele zake zote wazi mgongoni. "Nimeipeleka picha hii kwa kamati nzima. Wanakutana saa tano. Utafute pa kukaa."

Alishuka zake. Mwanamwema alifunga mlango, akakaa chini hapohapo sakafuni. Hakulilia kazi, na fleti alikuwa bado hajaifikia kwa mawazo. Alikuwa akiwahesabu wanaume wa kamati mmoja mmoja, wale anaowapangia viti, ambao sasa wameona nywele ambazo hata shemeji zake hawazijui.

Munir alimkuta hivyo. Alipoelewa, alitaka kushuka na ngumi. Mwanamwema alimshika suruali.

"Ukimpiga, habari itakuwa ni wewe," alisema. Alisimama, akaenda kwenye kioo, akajifunga mtandio wake mzuri wa rangi ya zambarau, akaupiga pini huku na huku. "Mvalishe Sundus. Hatufichi kitu. Na mimi sishuki kule kusimamishwa katikati ya ukumbi kama mwizi wa kuku. Wanataka kunihukumu, waje wanihukumu jikoni kwangu."

Munir alimtazama kama anayemwona upya. "Watakubali?"

"Mwambie rabi ndilo ombi langu."

Rabi alikubali kabla Munir hajamaliza kusema. Jinsi alivyoishawishi kamati, hawakujua, walichosikia ni miguu mingi ikipanda ngazi nyembamba, watu wakihema, mtu akisema, "Hivi mtoto hupanda hapa na mkoba wa shule?" Waliingia sita, pamoja na Bi Estelle ambaye hakuwa mwanakamati na hakuna aliyethubutu kumwambia. Viti vilikuwa viwili. Wengine walisimama vichwa vimeinamishwa na dari, waliobaki wakaegemea kabati. Sundus alikaa kitandani na doli lake, akiwatazama.

"Kabla hatujaanza," alisema Rabi Lasker, "kuna picha kwenye simu zenu. Mimi sikuifungua. Mwanamke huyu alikuwa nyumbani kwake, anamtengenezea mtoto maziwa, hakuvaa kwa ajili ya macho yetu. Naomba kila mmoja aifute sasa, mbele yake."

"Huo ni ushahidi," alisema Posner.

"Ushahidi wa nini? Alikuja mwenyewe kwa miguu yake, Ijumaa, kabla yako wewe na kamera yako. Futa, Leonard."

Mmoja baada ya mwingine walitoa simu, vidole vya wazee vikitafutana na vioo. Bi Estelle alipita nyuma yao akichungulia kama mwalimu wa mtihani. Posner alikuwa wa mwisho.

Kisha Mwanamwema alizungumza. Kiingereza chake cha darasa la jioni kilikuwa cha polepole, kila neno limeshikwa kwa mikono miwili.

"Nimekosa. Nilijua sufuria si ya maziwa. Nilidhani nikiosha, yamekwisha. Kwetu ukiosha, yamekwisha. Sasa najua kwenu sivyo, na haitatokea tena. Hiyo moja." Alivuta pumzi. "Ya pili. Mgeuze yeyote hicho kitufe cha jiko langu."

Hakuna aliyesogea, mpaka mwanakamati mmoja mnene akanyoosha mkono na kukigeuza. Akakigeuza tena. Akawatazama wenzake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Muulizeni Mister Posner."

"Jiko halihusiani," alisema Posner. "Tumepoteza kuku wa watu mia. Tumechekwa. Na Rabi hapa anamkingia kifua mfagizi kuliko sinagogi lake."

"Sinagogi langu ni nini?" aliuliza Rabi. Hakupandisha sauti. "Matofali? Ijumaa watu mia wangetiwa mdomoni kitu wasichokula, na aliyewazuia si mimi, na wala si wewe. Mimi nilikuwa natembea na ufunguo mfukoni. Kama kuna wa kufukuzwa kwa uzembe wa jiko, kalamu unayo, na Aprili si mbali. Lakini sitasimama kwenye jukwaa lile kufundisha watoto kusema kweli, huku chini ya paa hilihili tumemtupa nje mtu kwa kuisema."

Mwanakamati mwingine alisafisha koo. Bi Estelle alikuwa ameshakaa kitandani karibu na Sundus, anamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, kama afanyavyo bibi yeyote.

"Homa imekwenda," alitangaza, kana kwamba ndiyo ajenda.

"Nasi tusiendeshwe na huruma," alisema Posner. Alifungua mikono, akakipima chumba kwa macho kutoka dirishani hadi mlangoni, juu ya vichwa vya wenye nyumba. "Tuseme kama watu wazima. Pako karibu na stesheni. Ukipiga rangi, ukiondoa hiki kitanda, ukiweka jiko la kisasa, anaweza kupatikana mpangaji mzuri, kijana wa ofisini, na kazi ya usafi tukaipa kampuni. Hilo ndilo lililo mbele yetu." Aliwageukia wenzake. "Naomba tupige kura. Je, hapa akae nani?"

Munir alipiga hatua. Mwanamwema alimzuia kwa kiganja kifuani, akabaki amesimama wima katikati ya chumba, kidevu juu, akiwatazama wajumbe usoni mmoja mmoja, ili atakayenyanyua mkono aunyanyue huku anaonwa. Mikono yote ilikuwa bado chini. Kitandani, Sundus aliliweka doli pembeni. Hakujua kura ni nini, lakini swali alilielewa, na mtu mzima akiuliza swali lazima ajibiwe.

"Hapa tunakaa sisi," alisema.